Viungio vya Reli na Vyuma vya Kuizuia Njia Isihame: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Tangu habari za reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay zirudi midomoni mwa watu, hapa barazani kwangu Mikindani haipiti wiki bila mtu kuja na swali. Vijana wanatafuta ajira. Mafundi wa kuchomelea wanataka kujua kama ujuzi wao utafaa. Walimu wanatafuta mifano ya somo la fizikia, na wengine huja na kipande cha chuma walichokifukua shambani. Mimi nilikula jasho langu kwenye Reli ya Kati, katika genge la njia. Nilianza kwa kubeba mtaimbo nikamaliza nikiwa nyapara. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyakusanya pamoja na majibu yake. Penye mambo mengi nitakaa, pasipo na mengi nitapita.

Mzee, hapa kwetu paliwahi kuwa na reli au ni hadithi tu?

Ilikuwepo. Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947 walihitaji njia ya kuufikisha mzigo wa Nachingwea baharini. Mwaka 1949 treni zikaanza kutembea kati ya Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, na Nachingwea. Karanga zenyewe hazikukubali na mpango ukafa mwaka 1951, lakini ujenzi wa reli ukaendelea. Ililetwa hadi Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilifunguliwa mwaka 1954, na tawi la Masasi likafuata mwaka 1958. Upana wake ulikuwa mita moja, sawa na Reli ya Kati. Mwaka 1962 ikafungwa kwa kukosa mzigo wa kuilipia gharama, kisha reli zikang'olewa.

Wapo wazee wanaosikitika mpaka leo. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Na hilo neno "kuganga" liwekeni akilini, maana ndilo neno la kazi yenyewe.

Reli mbili zinaungwaje?

Kwanza itazame reli upande wa ncha yake. Juu kuna kichwa, ndicho gurudumu linachokikanyaga. Katikati kuna kiuno chembamba. Chini kuna mguu mpana unaokaa juu ya taruma, yaani gogo la mbao, chuma au zege linalolazwa kukingama chini ya reli. Kiungio cha kawaida ni mabamba mawili ya chuma, moja upande wa ndani wa njia na jingine upande wa nje, yanayozishika ncha za reli zote mbili, na bolti nne au sita zinazopenya toka bamba hadi bamba. Magengeni bamba hilo tunaliita fishipleti. Mimi nikiwa na vijana huliita gango, kwa sababu ndilo neno letu la kitu kinachofunga palipokatika.

Watu wengi, hata mafundi wa karakana, hudhani gango hukibana kiuno cha reli. Halikigusi kabisa. Ukingo wake wa juu una mwinamo unaoingia chini ya kichwa, na ukingo wa chini una mwinamo unaokalia mguu. Bolti ikivutwa, gango linajipenyeza kati ya kichwa na mguu kama kabari. Kabari hiyo ndiyo hubeba uzito wa gurudumu linapovuka kutoka reli hii kwenda ile, na bolti kazi yake ni kuivuta tu. Ukikuta gango limeshagusa kiuno, ujue kingo zimelika. Hapo ukaze utakavyo, kiungio hakitashika tena, kinachofaa ni kubadilisha.

Aliyelisajili gango hili kwa hataza ni Mwingereza William Bridges Adams, mwaka 1847. Kabla ya hapo ncha mbili za reli zilikalishwa ndani ya kiti kimoja cha chuma cha kutupwa, na ncha zikawa zinachezacheza kila treni inapopita.

Fishi ni samaki. Samaki ameingiaje kwenye reli?

Hakuna samaki hapo. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa na neno lao linalosikika hivyo, lenye maana ya kipande cha mti kinachofungwa ubavuni mwa mlingoti uliopasuka ili uendelee kubeba tanga. Fundi wa majahazi yeyote wa hapa Mikindani ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Mlingoti ukipata ufa safarini, unaugangia mti ubavuni, unaufunga kamba, unafika nyumbani. Watu wa reli walilichukua neno pwani wakalipeleka kwenye chuma.

Kwa nini msizikutanishe reli kabisa, badala ya kuacha mwanya?

Kwa sababu chuma hutanuka. Reli ya mita 12 hutanuka karibu milimita 1.4 kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Sasa fikiria alfajiri ya msimu wa kusi, reli iko kwenye nyuzi 20. Halafu fikiria saa nane mchana wakati wa kaskazi, jua la Januari liko utosini. Hewa ni nyuzi 32, lakini reli haina kivuli na inaweza kuizidi hewa kwa nyuzi 20 au zaidi. Kutoka 20 hadi 55, kila reli imerefuka karibu milimita 5. Ikikosa pa kwenda itajitafutia njia, na njia iliyo rahisi kwake ni kuchomoka kwa ubavu.

Ndiyo maana tundu la bolti kwenye kiuno cha reli hutobolewa pana kuliko bolti yenyewe. Nafasi hiyo ndiyo inayoiruhusu reli kuteleza ndani ya magango. Na ndiyo maana anayetandika njia hapimi mwanya kwa jicho. Anaweka kipimajoto juu ya reli, anasoma, kisha anachagua kibati cha unene unaofaa joto hilo na kukichomeka kati ya ncha mbili kabla ya kufunga. Njia iliyotandikwa alfajiri na njia iliyotandikwa mchana haziwezi kuwa na mwanya mmoja. Ukiona zinalingana, kuna aliyedanganya kwenye daftari.

Ule mlio wa "ta-tak, ta-tak" ni viungio?

Ndio. Gurudumu linadondokea kwenye mwanya na kuigonga ncha ya reli inayofuata. Kwa faida ya wanaosafiri kwa Reli ya Kati: penye reli za mita 12, tega sikio kwenye magurudumu yaliyo chini ya kiti chako, hesabu mapigo ya kiungio kwa sekunde 43. Idadi utakayopata ndiyo mwendo wa treni kwa kilomita kwa saa. Ukihesabu 40, mnakwenda 40. Nimewashangaza abiria wengi kwa mchezo huu, na mmoja alidhani nina uchawi wa Kimakonde.

Nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani? Si inavyokaza zaidi ndivyo usalama unavyozidi?

Hapana, na hili nililijifunza kwa aibu. Nilipokuwa mgeni genge nilipewa spana ndefu ya reli na kipande cha njia cha kukaza. Nilikuwa na nguvu na nilitaka nyapara anione. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili kuongeza urefu, nikakaza viungio vyote mpaka nati zikalia. Nyapara wakati huo alikuwa upande wa pili anagombana na mtu wa stoo. Siku tatu baadaye jua likawa kali. Viungio vyangu vilikuwa vimeganda, haviteleze, mianya imebaki wazi kama nilivyoikuta alfajiri ile. Reli zilisukumana kama kitu kimoja kirefu, na mbele kidogo, mahali ambapo kokoto zilikuwa chache, njia ikabenuka kwa ubavu kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Bahati ni kwamba toroli la ukaguzi ndilo lililofika kwanza. Nilitumwa kulegeza nati zote kwa mkono wangu, bila bomba.

Mahali pake ni hapa: ikaze vya kutosha kabari ikae, washa ya springi ibonyee, lakini reli ibaki na uwezo wa kuteleza. Spana ya reli imepewa urefu wake kwa sababu hiyo, urefu huo ndio kipimo cha nguvu ya mtu mmoja. Kisha kuna kulainisha. Kila kiungio kinatakiwa kufunguliwa kwa ratiba, kisuguliwe kutu, kipakwe grisi yenye grafiti kwenye kingo za gango, kifungwe tena. Kazi hiyo haionekani na haimpi mtu sifa, ndiyo maana huwa ya kwanza kurukwa fedha zikipungua.

Na nati mpya haikazwi mara moja ikaisha. Gango jipya huendelea kukaa mahali pake kadiri treni zinavyopita, likikaa bolti inalegea. Baada ya siku chache za treni lazima urudi.

Kwa nini kwenye picha za viungio vya reli nati moja iko ndani ya njia na inayofuata iko nje?

Si njia zote zinafanya hivyo, lakini nyingi hufanya, hasa Marekani. Gurudumu likiacha reli na kuburuzika upande mmoja linaweza kukata nati zote za upande huo. Zikipishana, nusu zinabaki na gango halianguki.

Kitu gani huharibika kwanza kwenye kiungio?

Kila kitu, kwa zamu. Kiungio ndipo mahali dhaifu kuliko pote kwenye njia, na uharibifu wake hujilisha wenyewe. Gurudumu linagonga ncha, ncha inapondeka na kuinama kidogo. Kwa kuwa imeinama, pigo linalofuata ni zito zaidi. Pigo zito linasaga kokoto chini ya taruma la jirani, kokoto zikisagika taruma linaning'inia, na likining'inia reli inashuka zaidi. Mvua ya masika ikinyesha, utaona tope jeupe linarushwa juu kila treni inapopita. Ukiona tope hilo usipoteze muda kukaza nati. Tatizo liko chini, na dawa ni kuondoa kokoto chafu, kuweka mpya na kushindilia.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Ni ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti ndani ya kiuno, ukitambaa kwa mshazari. Gango limeufunika. Unaweza kupita juu yake mwaka mzima, kisha siku moja kipande cha kichwa cha reli kinamegeka na kuondoka. Zamani tuligonga reli kwa nyundo na kusikiliza: reli nzima hulia kama kengele, yenye ufa hulia kama sufuria. Siku hizi kuna vifaa vya mawimbi ya sauti vinavyosukumwa juu ya reli, na vinaona ambacho sikio haliwezi.

Wanaodhani bolti ni kitu kidogo waangalie ajali ya Brétigny-sur-Orge, kusini mwa Paris, ya tarehe 12 Julai 2013. Treni ya abiria iliacha njia ikikaribia stesheni na watu 7 wakafa. Uchunguzi ulikuta gango moja kwenye makutano ya njia lilikuwa limeachia bolti zake moja baada ya nyingine, likageuka na kulala penye njia ya gurudumu. Hii ilikuwa Ufaransa, nchi yenye treni za kasi zinazosifiwa duniani.

Nimesikia reli "hutembea". Ni kweli au ni lugha ya mafundi?

Ni kweli. Reli inaweza kuhama kwa urefu wake, taratibu, sentimita baada ya sentimita, mpaka mianya ya upande mmoja ikafumbuka kabisa na ya upande mwingine ikafumba. Sababu ni nyingi na huchangia pamoja. Gurudumu huibonyeza reli na kuisukuma mbele kama mkunja mkeka anavyosukuma kunyanzi. Treni inayofunga breki huivuta reli kwenda nayo. Kwenye mteremko uzito wote unaelekea chini. Joto nalo hutanua na kusinyaza kila siku, na reli haina desturi ya kurudi palepale ilipoanzia.

Kwenye njia moja inayotumika pande zote mbili, upande wenye mzigo mzito ndio hushinda. Hapa kwetu tafakarini: reli iliyokusudiwa ni ya takribani kilomita 1,000 hadi Mbamba Bay, ziwani Nyasa, pamoja na matawi ya Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Mabehewa yatashuka bandarini yamejaa na kurudi yakiwa na mzigo mwepesi au matupu. Mimi ningeweka macho yangu kwenye reli zinazotaka kuelekea baharini.

Reli ikitembea, bolti hupinda na kukatika, mataruma hukaa mshazari, na penye swichi, yaani pale treni inapobadilishiwa njia, ulimi wa reli unaosogezwa hukataa kukaa sawasawa.

Anka ni nini na inafungwa wapi?

Anka ni kibano cha chuma cha springi kinachouma mguu wa reli kwa chini na kuegemea ubavu wa taruma. Reli ikitaka kusogea, inamburuza anka, anka anamsukuma taruma, na taruma limezikwa kwenye kokoto. Kwa hiyo anayezuia hasa ni kokoto. Anka ni mjumbe tu.

Makosa ninayoyaona ni mawili, na yote ni ya uvivu. La kwanza ni anka kufungwa ikaacha nafasi ya kidole kati yake na taruma. Reli itatembea kidole hicho kizima kabla kazi haijaanza, na ikishagonga taruma lililolegea italisogeza. La pili ni kufunga upande mmoja tu penye njia inayohitaji pande zote mbili. Panapovuta huku na huku, kila taruma lililochaguliwa hufungwa anka nne, mbili kwa kila reli, taruma likabanwa katikati. Usifunge pia anka kwenye taruma la kiungio lililokwisha kuoza au kuning'inia, ni sawa na kumfunga mbuzi kwenye mti wa mpapai.

Na hizi klipu zilizopinda kama sikio, zinafanya kazi gani?

Hizo zimechukua kazi ya misumari na sehemu kubwa ya kazi ya anka. Msumari wa reli huizuia reli isipinduke tu, hauibani, ndiyo maana njia ya misumari inahitaji anka. Klipu ni springi. Inaukandamiza mguu wa reli muda wote kwa nguvu ya karibu tani moja kila klipu, treni iwepo isiwepo, na mtikisiko hauilegezi kama unavyolegeza nati. Aina maarufu zaidi ilibuniwa na mhandisi wa reli wa Norway, Per Pande-Rolfsen, katika miaka ya 1950, na jina la Pandrol limetoka kwenye jina lake.

Kati ya reli na taruma huwekwa mpira au plastiki ngumu. Watu huidharau, lakini ikichakaa klipu hupoteza mkandamizo na reli huanza kutembea hata kama klipu zote zipo.

Tahadhari moja: klipu inapong'olewa usikae kwenye mstari wake. Ni springi iliyobanwa, ikichomoka huruka kama kombeo. Tumia kifaa chake, si nyundo peke yake.

SGR, ile reli mpya ya kisasa, haina huo mlio wa "ta-tak". Ina maana haina viungio? Na ule mwanya wa joto umekwenda wapi?

Swali zuri kuliko yote, na huulizwa na wanafunzi zaidi kuliko wahandisi. Waliopanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma tangu ianze mwaka 2024 wameona kimya kile. Reli zimechomelewa zikawa kitu kimoja kirefu.

Mwanya haukuhamia popote. Reli imekatazwa kutanuka. Chuma kilichokatazwa kutanuka hakitulii, kinageuza joto kuwa nguvu. Reli ya kilo 60 kwa mita, iliyofungwa ikashikwa barabara, hujenga nguvu ya karibu kilonyutoni 18 kwa kila nyuzi moja. Sasa tuseme ilifungwa ikiwa kwenye nyuzi 38, na mchana imefika 60. Nyuzi 22 zimezidi, na ndani ya kila reli kuna msukumo wa karibu tani 41. Huo unazidi mzigo wa semitrela iliyojaa korosho, na wote umebanwa ndani ya chuma chenye kichwa cha upana usiotimia kiganja kimoja. Alfajiri ikiwa nyuzi 18, mambo yanageuka: sasa reli inavutwa kwa tani kama 37, na ikiwa na ufa itakatika.

Ndiyo maana joto la siku ya kufunga huchaguliwa kwa makusudi. Kwa nchi ya joto huwekwa juu kidogo ya katikati, kwa sababu reli iliyokatika ina dawa nyepesi kuliko njia iliyobenuka chini ya treni. Siku ya kufunga ikiwa na baridi, reli huvutwa kwa mashine za haidroli mpaka ifikie urefu ambao ingekuwa nao kwenye joto linalotakiwa, ndipo klipu zinapigwa.

Kinachoshikilia tani zote hizo ni klipu, mataruma mazito na kokoto, hasa zile za pembeni zilizojaa mpaka nje ya ncha za mataruma. Watu wakizichota kwenda kujengea choo, wanafungua mlango. Viungio vyenyewe hubakia mahali pachache: penye madaraja marefu, penye baadhi ya swichi, na penye mgawanyo wa umeme.

Mgawanyo wa umeme ndio nini?

Baadhi ya mifumo ya taa za treni hutumia reli zenyewe kama nyaya ili kujua treni iko kipande gani. Ili kipande kimoja kisichanganyike na kingine, magango hufungwa pamoja na fiba au nailoni kati yake na reli, bolti huvishwa mirija isiyopitisha umeme, na kati ya ncha mbili huwekwa kibao cha aina hiyohiyo. Kiungio cha namna hiyo kisifungwe kwa magango ya kawaida hata kwa dharura ya siku moja.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mtwara mjini, natengeneza mageti. Naweza kuchomelea reli?

Kwa mashine yako ya mageti, hapana ndugu yangu. Chuma cha reli kina kaboni nyingi kuliko chuma cha geti. Ukikipasha mahali pamoja na kukiacha kipoe haraka, pembeni mwa mchomeleo panakuwa pagumu na pakavu kama kioo, na patavunjika.

Reli huchomelewa kwa njia kuu mbili. Kiwandani au kwenye mashine maalumu, ncha mbili hupashwa kwa umeme na kugandamizwa. Njiani hutumika termiti, uvumbuzi wa Mjerumani Hans Goldschmidt wa miaka ya 1890. Unaacha pengo la sentimita mbili na nusu hivi, unalizungushia kalibu, unapasha ncha za reli kwa moto wa gesi, kisha unawasha chungu chenye unga wa alumini na kutu ya chuma. Alumini inanyang'anya oksijeni kutoka kwenye kutu, joto linapita nyuzi 2,000, na chuma kilichoyeyuka kinashuka pengoni. Kikishaganda kinakatwa na kusagwa mpaka kichwa kiwe sawa. Kalibu yenye unyevu hulipuka, kwa hiyo masika yetu ya Desemba hadi Aprili yanataka turubai na uvumilivu. Ila ujuzi wako wa mikono na macho si bure. Wachomeleaji wazuri wa termiti niliowajua walianzia kwenye mageti.

Mataruma gani yanafaa kwetu: mbao, chuma au zege?

Mbao hushika misumari vizuri na hupunguza mtikisiko, lakini mchwa wa kusini mnawajua wenyewe. Reli ya Kati ilitumia sana mataruma ya chuma kwa sababu hiyo, na huko bara yamedumu. Karibu na bahari, upepo wa chumvi huyala, pamoja na bolti na klipu. Zege halina mchwa wala kutu kwa nje, na uzito wake wa zaidi ya kilo 250 ni msaada kwa reli iliyochomelewa. Kwa Mtwara ningesema zege bila kusita, na vyuma vya kilomita za mwanzo kutoka bandarini vipakwe kinga ya kutu na vikaguliwe mara nyingi kuliko vya huko Masasi.

Mawe ya hapa pwani hayafai kwa kokoto?

Mawe ya matumbawe yamejenga majumba ya kale ya Mikindani na bado yamesimama. Chini ya reli hayafai. Yanasagika, unga wake ukilowa unakuwa kama lipu, na maji hayapiti tena. Kokoto za reli zinataka mwamba mgumu uliopasuliwa ukawa na pembe kali, ziumane. Milima ya mawe ya Masasi ni ya mwamba wa aina hiyo. Kokoto laini za mtoni hata kama ni ngumu hubingirika, hazishiki taruma.

Kilomita moja inakula vyuma vingapi?

Njia ya viungio yenye reli za mita 12 ina viungio kama 167 kwa kilomita, yaani magango 334 na, kwa bolti nne kila kiungio, bolti 668. Njia iliyochomelewa haina hayo, lakini mataruma yakipangwa kila sentimita 60 yanakuwa kama 1,667, na kila moja lina klipu nne: klipu kama 6,668. Kwa kilomita 1,000 hizo ni klipu milioni 6 na laki 6 na ushee. Anayetaka biashara na reli asiote vichwa vya treni, aanzie hapo.

Reli za zamani ni nzito tofauti. Zinaungwa vipi na mpya?

Kwa gango lenye sura mbili, nusu imechongwa kwa reli nyembamba na nusu kwa nene, ili vichwa vilingane juu na upande wa ndani. Yako manne ya aina tofauti, kwa kuwa kushoto na kulia, ndani na nje havifanani. Yachore kwa rangi kabla hayajatoka stoo. Mimi nimewahi kupelekewa yote ya kushoto.

Kuna mtu ananiuzia fishipleti na klipu kwa bei ya chuma chakavu. Ninunue?

Usinunue. Kama zimetoka kwenye njia inayotumika, kuna kiungio mahali fulani kimebaki na bolti mbili. Mwenye kununua anafungwa pamoja na mwenye kung'oa.

Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli. Tunaweza kujua kilitoka reli ya aina gani?

Mnaweza, na wanafunzi watafurahi. Kwanza sugueni kutu kwenye kiuno kwa brashi ya waya. Viwanda vingi huchapa herufi zilizoinuka: jina la kiwanda, mwaka, na uzito wa reli. Chaki ikipitishwa juu yake husaidia kusoma. Kama kipande kilikatwa pasipo na maandishi, pimeni urefu wake kwa rula, kisha kipelekeni kwenye mizani ya korosho ya chama cha msingi wakati ambapo si msimu, mtunza ghala hatakataa. Gawanyeni kilo kwa urefu wa mita. Kipande cha sentimita 60 kikiwa na kilo 16.7, ni reli ya kilo kama 28 kwa mita, ambayo wazee waliiita ya ratili 56, kwa kuwa Waingereza walipima kwa ratili kwa yadi. Kikifika kilo 24, ni ya ratili 80. Tobo la bolti likiwepo, litazameni vizuri kwa mwanga wa jua kama lina ufa wa mshazari, halafu kigongeni tena na kusikiliza.